Siku Miasenyi Ilipopata Bahari

"Ifahamike kwa wananchi wote, wenye mashamba na wasio na mashamba, ya kwamba kuanzia Jumatatu iliyopita kaunti yetu ni kisiwa."

Tangazo hilo lilisomwa mjini Voi, mchana wa jua kali, na msomaji alikuwa Bwana Festus Mwanyasi, Mkurugenzi wa Idara ya Masuala ya Bahari. Alivaa kofia nyeupe ya nahodha. Watu wakampigia makofi, maana watu wa Voi ni wastaarabu: ukishika maikrofoni watakupigia makofi kwanza, kisha wataulizana njiani ulikuwa unasema nini.

Na wewe usikimbilie kucheka. Hoja ya Festus ilikuwa imenyooka. Kisiwa ni nini? Ni ardhi iliyozungukwa na kitu ambacho mtu hawezi kukivuka kwa miguu akafika ng'ambo akiwa mzima. Sasa toka hapo Voi utembee. Huku mbuga, kule mbuga, na ndani ya mbuga kuna ndovu, simba na nyati ambao hawajui cheo cha mtu. "Bahari ina papa, sikatai," Festus aliwaeleza wananchi. "Lakini ni papa gani ametoka majini akamfuata mtu mpaka jikoni?"

Jambo lenyewe lilianza hivi. Kuna mfuko fulani wa kimataifa uliokuwa ukitafuta visiwa vyenye shida ili uvisaidie. Shida tulikuwa nazo, tena za akiba. Kilichopungua kilikuwa kisiwa tu. Mheshimiwa, waziri wa kaunti aliyekuwa bosi wa Festus, akaunda idara, akamweka Festus, na kumwambia maneno mafupi: "Wakaguzi wakikubali sisi ni kisiwa, nakujengea ofisi juu ya gati, baharini kabisa. Wakikataa, unarudi mnadani kupima mbuzi."

Festus alikuwa ametoka huko kwenye mbuzi na hakutaka kurudi. Mbaya zaidi, alikuwa ameshamwambia mama mkwe wake kule Wundanyi kwamba sasa yeye ndiye mkubwa wa bahari yote, na mama mkwe akamchinjia jogoo. Jogoo aliyeliwa harudi bandani. Usiku Festus alikuwa akiota mbuzi wanamwita kwa jina.

Kwa hiyo alifanya kazi, jamani, tusimnyime haki yake. Aliandaa hotuba ya kulinganisha uchumi wetu na ule wa Lamunoa, taifa la visiwa huko bahari za mbali ambalo waziri wake ndiye angekuja kukagua kwa niaba ya mfuko. Wao wana minazi, sisi tuna mkonge. Wao wana lulu, sisi tuna vito. Wao wana meli zinazowapita mbali zikielekea nchi kubwa, sisi tuna malori yanayotupita karibu yakielekea Nairobi. Barabara yao kuu inazunguka kisiwa na kurudi pale ilipoanzia, na miradi yetu mingi pia hurudi pale ilipoanzia. "Tofauti," Festus alimalizia, "ni maji tu."

Ilibaki kusawazisha lugha ya ofisi. Waraka ukatoka: ndovu wasiitwe ndovu tena, waitwe mawimbi. Ile namba ya simu ambayo wananchi walipiga wakivamiwa na ndovu ikahamishiwa Idara ya Bahari, kwa Wakesho, karani wa Festus, msichana mtiifu asiyepunguza wala kuongeza neno aliloambiwa na mkubwa wake.

Wiki hiyo hiyo akaingia ofisini Kavinya, mkulima wa ndengu kutoka Miasenyi, ambaye majirani humwita Mama Munyoki. Ni mama mnene, mcheshi, na siku hiyo hakuwa na ucheshi hata kidogo.

"Mkurugenzi, ndovu wamekula ndengu yangu. Msimu uliopita wamekula, huu pia wamekula. Nikipanda tena wakala, sina kitu kingine. Nimekuja kuuliza ile fensi ya umeme tunayoomba kila mwaka."

"Mama Munyoki, keti," alisema Festus kwa upole wa kiserikali. "Kwanza, hao si ndovu. Ni mawimbi."

"Mawimbi yameacha kinyesi mlangoni kwangu, baba."

"Pili, kisiwa hakiwekewi fensi. Umewahi kuona bahari imewekewa fensi?"

"Mimi bahari nimeiona kwa kalenda ya duka."

"Basi nikufundishe. Bahari hujaa na kupwa. Kujaa ni maji kuja, kupwa ni maji kurudi. Yakija shambani, hamfanyi chochote. Subirini maji yapwe."

"Na ndengu?"

"Serikali inalifahamu suala hilo na inalishughulikia."

Kavinya akayarudia maneno yale polepole, "subirini maji yapwe," kama mtu anayejifunza wimbo wa kwaya, akajifunga leso, akaondoka. Wakesho naye akayaandika ukutani kando ya simu ili yawe jibu rasmi.

Mgeni alipokaribia kufika, gati likajengwa Miasenyi, kando ya barabara kuu. Lilikuwa gati zuri: nguzo ndefu za zege, mbao juu, ngazi upande mmoja, na chini yake vumbi jekundu. Mawe ya njiani yakapakwa chokaa, maana kwetu mkubwa akija ni lazima kila jiwe livae nguo. Festus akaagiza makuti na mashina ya migomba, akayafunga kwenye nguzo zote ili pawe na sura ya kitropiki. Halafu siku yenyewe, asubuhi, yakaja malori ya maji. Miasenyi ilikuwa haijaona lori la maji tangu kampeni. Akina mama wakatoka mbio na mitungi, wakaambiwa warudi nyuma, haya si maji ya kunywa, haya ni bahari. Maji yakamwagwa kwenye shimo pana kuzunguka gati mpaka yakang'aa.

Kavinya alisimama na mtungi wake mtupu.

"Mkurugenzi," akasema, "ni kiangazi. Mbugani mabwawa yamekauka. Wewe unamwaga maji hapa na kufunga migomba juu yake?"

"Ni mapambo, mama."

"Haya. Lakini wageni wako watakuwa wengi kuliko viti."

"Viti tumekodi vya kutosha," alijibu Festus, akarekebisha kofia.

Waziri wa Lamunoa alikuwa mama wa makamo aitwaye Talosi, amevaa gauni la maua na viatu vya kutembelea. Alipanda gati akifuatana na Festus na Wakesho, ambaye ndiye angetafsiri. Mheshimiwa alikuwa ametuma salamu. Alisema angefika ikishajulikana mambo yamekwenda vipi. Festus akaanza hotuba. Alipofika kwenye mkonge, Wakesho akamgusa kiwiko.

"Bosi, mawimbi."

Walikuwa wanatoka upande wa mbuga, mama wa kundi mbele, wadogo katikati, wekundu wote kwa vumbi la Tsavo. Hawakuwa na haraka. Dereva wa wageni alikuwa na haraka. Aliondoa gari akalisimamisha kule barabarani, kwenye meza za kuuzia vitunguu, walikokuwa wamekusanyika akina mama wa Miasenyi. Mama ndovu akafika, akatia mkonga baharini, akanywa. Wenzake nao wakanywa. Mwingine akavuta makuti ya nguzo ya kwanza, akayatafuna huku akimtazama Festus usoni, na yule wa nyuma yake akaanza migomba. Ngazi zikachukuliwa na dume mmoja, akajikuna nazo mgongo mpaka zikavunjika.

Bahari ya maji ikawa inapwa, na bahari ya ndovu ikawa inajaa.

"Piga ile namba!" Festus alimwamuru Wakesho, kisha akatoa simu yake mwenyewe na kuipiga. Ikaita. Ikaita ndani ya mkoba wa Wakesho. Wakesho akafungua mkoba, akaitoa simu ya idara, akasafisha koo.

"Idara ya Masuala ya Bahari, habari ya mchana. Nikusaidie aje?"

"Wakesho! Ni mimi!"

"Nimekusikia, bosi. Ni tatizo gani?"

"Tumezungukwa na ndovu!"

"Samahani, hatuna ndovu kwenye mfumo. Ni mawimbi?"

"Ni... ndiyo. Ni mawimbi."

"Tafadhali subirini maji yapwe," alisema Wakesho kwa adabu, akakata simu na kuirudisha mkobani. Kazi ni kazi.

Kule kwenye vitunguu akina mama, Kavinya akiwemo, walikuwa wanashikana mabega kwa kicheko. Sasa Miasenyi wanayo dawa yao ya zamani: wanasaga pilipili, wanaichanganya na kinyesi kikavu cha ndovu, wanaiwasha upande upepo unakotoka. Moshi ule ndovu hawaupendi kabisa. Festus aliijua dawa hiyo. Akapiga namba ya Kavinya, akaweka sauti ya juu ili amsikie juu ya kelele za ndovu.

"Mama Munyoki! Si mko na ile moshi ya pilipili? Ebu iwashe, mama, aki tusaidie!"

"Iko," alijibu Kavinya. "Lakini hiyo ni ya kufukuza ndovu, Mkurugenzi. Wewe si ulinifundisha hayo ni mawimbi?"

"Mama, huu si wakati wa..."

"Mimi ni mwanafunzi tu. Bahari hujaa na kupwa. Ikija, mtu hafanyi chochote."

Wakesho alikuwa akimtafsiria mgeni kila neno, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyopewa asubuhi. Alitafsiri moshi, akatafsiri mawimbi, akaeleza na ile hadithi ya ndengu na fensi. Waziri Talosi alicheka mpaka akaketi. Kisha akafuta macho na kumgeukia Festus.

"Kisiwa nimekiona," alisema. "Nimezaliwa kisiwani na sijawahi kuzungukwa namna hii. Nitawakubali leo. Lakini kwetu bahari ikila shamba la mtu, serikali haimwambii asubiri. Inamjengea ukuta. Mfuko wetu huanza na ukuta, na mengine hufuata. Ukuta wenu uko wapi?"

Festus akatazama chini, akaona mkonga umeshika ukingo wa mbao karibu na kiatu chake. Akawaza mizani ya mbuzi. Akawaza yule jogoo wa Wundanyi.

"Utajengwa," akasema.

"Lini?" iliuliza simu.

"Mwezi huu, Mama Munyoki!"

"Uzunguke mashamba yote ya Miasenyi?"

"Yote!"

"Uwe wa waya, wa umeme."

"Ukuta wa bahari wa umeme?" aliuliza mgeni.

"Ni teknolojia yetu," Wakesho akamtuliza.

Festus akavua kofia ya nahodha, akaapa kwa sauti, mgeni akiwa shahidi. Hapo ndipo moshi ulipoanza kupanda kutoka upande wa vitunguu, na akina mama wakaanza kupiga madebe na sufuria. Mama ndovu akapiga chafya, akakusanya watoto wake, akaondoka. Hakukuwa na maji tena ya kumfanya abaki, wala mgomba. Festus alishushwa gatini kwa ngazi iliyoazimwa kwa mchungaji wa kanisa la pale, akampa Kavinya mkono, na Kavinya akamwambia, "Pole na safari ya baharini, baba." Alisema kwa moyo mweupe kabisa.

Ukuta ukajengwa kweli, maana pesa za wageni huja na wageni wa kuzitazama. Ndengu ya Miasenyi ikaota, ikachanua, ikavunwa, na Kavinya akavuna akiimba. Fundi wa nyaya alipofika kwenye gati aliuliza kama liwekwe ndani ya ukuta, na wazee na akina mama wakamtuma Kavinya atoe jibu.

"Ukuta wa bahari unatenga nchi kavu na bahari, sivyo?" alisema. "Na gati hukaa wapi?"

Fundi akapitisha waya nyuma ya gati, likabaki nje upande wa ndovu. Mheshimiwa naye alikuwa mtu wa neno lake. Alijenga ofisi juu ya gati kama alivyoahidi, yenye madirisha ya duara, na siku ya kuifungua alikuja mwenyewe kukata utepe. Kwa heshima yake Festus alipaka mawe chokaa, akafunga migomba mipya, na akaita malori ya maji. Nasema hivi bila kuongeza chumvi: aliita malori ya maji.

Alasiri ile Kavinya alikuwa amekaa kivulini, anapepeta ndengu, simu ikalia.

"Mama Munyoki," ilinong'ona sauti ya Festus, "niko na Mheshimiwa huku. Ana mkutano Mwatate jioni. Hali ya bahari unaionaje?"

Kavinya akainua macho, akatazama kupitia nyaya. Walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, na wengine walikuwa wamekuja na watoto. Nyuma ya dirisha la duara alionekana Mheshimiwa mwenyewe, ameshika mkasi, utepe ukitokeza kwenye mdomo wa ndovu.

"Imejaa, Mkurugenzi," alisema. "Imejaa vizuri sana. Mwambie Mheshimiwa asiwe na wasiwasi, wananchi tunalifahamu suala hilo na tunalishughulikia."

Akaweka simu chini, akaendelea kupepeta ndengu.