Mashine Iliyosema Janub

Jumatatu, 12 Agosti 2024

Harriet wangu anaposwa! Watu wa kijana wanakuja Jumamosi hii hii! Haya, sasa habari yako, daftari. Mimi Rosa Kiden wa Koboko sijambo, ila mvua haiachi na paa linavuja juu ya kitanda, upande aliokuwa akilala marehemu. Nimeweka sufuria pale.

Kijana anaitwa Asiku, wa Aroi huko upande wa Arua, anafunga umeme wa jua. Nilitaka daktari. Lakini Harriet ndiye anayepima damu za watu hospitalini Arua, na madaktari wanakaa kimya mpaka yeye aseme ni ugonjwa gani. Kwa hiyo daktari tunaye tayari.

Tatizo ni moja. Posa itapokelewa Logiri, mbele ya Arua, kwa watu wa marehemu mume wangu Afedra. Na kule yuko dada yake, Drateru. Amenipigia simu asubuhi, akanipongeza kwa sauti ya mtu anayemeza kwinini, halafu akauliza kama nitaweza kufika. Nikasema kwa nini nisifike. Akasema eh, wifi, maana tangu ndugu yangu afe wewe hata nyumba ya bwana yako hujui iko wapi. Akasema kiti cha mama hakiachwi wazi mbele ya wageni. Nisipofika, yeye atakikalia.

Kiti changu! Mimi niliyembeba Harriet mgongoni mpaka mgongo ukapinda! Yeye alimbebea nini?

Kweli, siku ya sala za kumkumbuka Afedra nilipotea huko mbele ya Vurra. Nilifika wakiosha masahani. Lakini ni kosa langu? Afedra aliendesha lori la serikali, njia zote zilikuwa kichwani mwake. Mimi nilikaa kando yake nikimenya karanga, moja kwake, moja kwangu. Nani anaangalia njia akiwa na karanga?

Nimepata mpango. Corona, gari la Afedra, bado iko chini ya turubai. Nitanunua jipiesi, ile mashine ya kubandika kiooni, inayosema pita hapa, pita pale. Gari la mkwe wa Night Poni, jirani yangu, linayo ndani kwa ndani, na Night Poni hajafunga mdomo tangu Pasaka. Yangu itaonekana hata na watu walioko nje. Drateru ataiona mashine gari likiwa bado mbali.

Jumanne, 13 Agosti

Arua. Matope mpaka magotini. Harriet alitoka kazini kunisalimu, mrembo katika koti lake jeupe, watu wote waligeuka. Nilipomwambia habari ya mashine akashika kichwa. Akasema mama, ramani iko bure kwenye simu. Simu yangu ni ya tochi. Akasema basi Asiku atakuja Koboko kunichukua. Nikamuuliza tangu lini mama wa binti anabebwa na waposaji kama gunia la muhogo. Akanifungulia mwavuli. Mtoto mwenye adabu.

Duka la kwanza walikuwa na jipiesi nzuri, nyembamba, ndani ya kabati la kioo. Wakaiwasha. Ikaonyesha mshale mmoja katikati ya uwanja mtupu wa rangi ya majivu. Hakuna barabara, hakuna Arua, hakuna mtu. Muuzaji akasema ramani zake ni za Ulaya, inajua kila kichochoro cha Ubelgiji. Nikasema mimi sina wifi Ubelgiji. Nilitazama ule mshale peke yake katika utupu, nikamkumbuka mtu fulani. Nikatoka.

Duka la pili, jipiesi ndogo kama biskuti, inaongea Kiingereza kwa pua. Nikamwambia muuzaji aandike Logiri. Ikaitamka kama jina la dawa ya minyoo. Watu wa dukani walicheka. Mimi sikucheka. Pale ndipo Afedra alipozikwa.

Nimerudi Koboko mikono mitupu.

Alhamisi, 15 Agosti

Imepatikana! Hakim wa sokoni anayo moja, imetoka Juba. Kubwa kama Biblia ya padri. Ina ramani za kwetu na za Sudani Kusini. Na inaongea Kiarabu tupu!

Hakim alisema mama, hii lugha yake haibadiliki, nimejaribu, imekataa. Wengine wote wameikataa kwa sababu hiyo. Nikamwambia lete. Baba yangu alikuwa koplo. Kinubi, Kiarabu chetu cha askari, nilikinywa pamoja na uji. Yemin ni kulia, shimal ni kushoto, alikuwa akituamuru hivyo hata tulipokwenda kuchota maji. Nani mwingine Koboko hii atakaa kwenye gari akiongozwa kwa Kiarabu na kuelewa? Night Poni? Yeye hata Kiswahili anakisukuma kama baiskeli yenye pancha.

Hakim akaniandikia Logiri ndani yake. Alinipa neno moja la kushika: usibishane nayo. Inatazama kutoka juu mbinguni, inajua daraja lililovunjika na njia ya mkato kabla ya dereva. Nikasema sawa. Beberu wangu amekwenda kwa Hakim kama malipo. Nilikuwa nimemtunzia wageni, lakini wageni watakula kuku.

Jioni fundi Severino alikuja kuangalia gari. Tundu la kuwashia sigara, ndimo mashine inamopatia umeme, lilikuwa limekufa. Akaingiza bisibisi, akakuna, akapuliza. Yakatoka majivu. Majivu ya sigara za Afedra, ya miaka na miaka. Severino akataka kuyafuta kwa kitambaa. Nilimkemea mpaka akadondosha bisibisi. Nimeyafunga katika pembe ya leso.

Mashine imewaka. Sikushangilia sana.

Jumamosi, 17 Agosti

Siandiki leo. Usiniulize.

Jumapili, 18 Agosti

Haya. Niandike yaishe.

Jana tuliondoka mapema. Dereva nilimkodi Mogga, kijana wa Yei, Sudani Kusini, mpole, hajui njia za huku hata moja. Nilimchagua kwa sababu hiyo. Dereva anayejua njia angeiaibisha mashine. Nilivaa gomesi ya zambarau, gauni langu la sherehe. Night Poni alikuwa mlangoni. Nikamwambia Mogga aongeze sauti.

Tukafika barabara kuu, mashine ikafungua kinywa. Maneno mengi ya kisomi, halafu wazi kabisa: janub. Tena: janub!

Sasa mtu gani wa Koboko hajui Janub? Janub ni Sudani Kusini. Nusu ya soko letu imetoka Janub. Mogga mwenyewe aliposikia alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akasema mama, inasema twende Janub. Nikasema nimesikia, mimi ni binti wa koplo. Akauliza kwa upole kama Logiri haiko upande wa Arua. Nikamwambia ndiyo, lakini mashine inaona toka juu. Daraja limekufa mahali na mvua hii. Inatuzungusha. Usibishane nayo.

Tukashika njia ya mpaka wa Oraba.

Mashine ikabadilika. Ikaanza neno jipya, tena na tena: istadir, istadir. Nikamwambia Mogga sikia adabu ya Waarabu, inakuita ustadhi. Mogga akasema yeye ni Mkatoliki. Tukacheka sana. Ustadhi Mogga! Nilimmenyea karanga. Daftari, nisikufiche, nilikuwa na furaha. Ilikuwa kama zamani.

Kizuizi kabla ya mpaka. Askari akaomba karatasi za gari. Zikasema Afedra. Akauliza mwenye gari yuko wapi. Nikasema yuko Logiri. Akasema mpigie simu aje. Nikasema hawezi kuja. Akasema kwa nini, anaumwa? Nikasema hapana, haumwi tena.

Askari alikuwa mtu mzuri, alivua kofia. Lakini gari la mtu aliyekufa, dereva wa Yei, mwanamke aliyevaa gomesi anayesema anakwenda Arua huku uso wake uko Sudani! Akatuambia tukae benchini mpaka apatikane mtu wa kutujua. Tukakaa. Mvua ikaja, ikaenda, ikarudi. Simu ya Harriet ililia mara nyingi. Nikamwambia niko njiani. Nilikuwa njiani.

Jua lilikuwa limeshavuka kichwa alipopita Aziz, anayepitisha mizigo mpakani, aliyemjua Afedra tangu ujana. Akatusemea. Halafu akaingia gari kusikiliza mashine. Alisoma Khartoum huyo. Akaweka mkono usoni, mabega yanatikisika. Akasema dada Rosa, janub maana yake ni kusini. Kusini tu. Inakutuma Arua. Sisi tunaiita nchi ile Janub kwa sababu iko kusini ya Khartoum, lakini kwako wewe iko kaskazini. Na istadir siyo ustadhi, maana yake ni geuka, rudi ulikotoka. Maskini mashine imekuwa ikikulilia toka asubuhi.

Mogga akatazama magoti yake. Nikamuuliza alifikiri tunakwenda kufanya nini Janub. Akasema alifikiri nina watu kule. Mama yake yuko kule. Alifikiri pengine tutapita kumsalimu.

Aziz akaongeza kwamba hata shimal katika mashine siyo kushoto, ni kaskazini. Hapo nilimkatalia. Shimal ni mkono wa kushoto, baba yangu alipigisha watu kwata kwa neno hilo. Akasema ndiyo, dada, katika Kinubi chetu, lakini mashine hii inasema Kiarabu cha shule. Nikamshukuru, nikapandisha kioo.

Tulifika Logiri jua likizama. Wageni wameondoka. Drateru alikuwa bado katika kiti changu. Hata hakuinuka! Akasema karibu, wifi, chai iko kwenye birika, imepoa. Akasema ndugu yangu alikuwa ndiyo macho yako, na macho hayo yamezikwa pale nyuma ya jiko. Mbele ya watu wote. Nikainywa ile chai baridi. Mimi!

Hata mashine hakuitazama. Tulipoingia ilikuwa imeshaanguka toka kiooni, raba yake haishiki kwenye ufa, iko chini ya miguu yangu inasema tumefika.

Harriet alikuwa nyuma ya nyumba. Macho mekundu. Alisema wazee wa Aroi waliuliza mara moja tu, mama yuko wapi, na kwamba alishindwa kuinua uso. Alisema mama, sikukutaka uje na mashine. Nilitaka uje tu.

Nilimwaga yale majivu ya leso kaburini. Hayakuruka, udongo ulikuwa umelowa.

Jumatano, 21 Agosti

Jua! Na habari! Anguyo, kaka mkubwa wa Afedra, amepiga simu mwenyewe. Wazee wa Aroi wamekataa kumaliza maneno bila mama. Wamesema aliyekaa pale alikuwa shangazi, na shangazi siyo mama. Wamesema! Ninataka Drateru alichemshe neno hilo na kulinywa. Na kwa kuwa mama anashindwa kuja kwenye posa, Anguyo ameamua mara hii moja posa imfuate mama. Hapa Koboko! Kwangu! Wa Logiri watapitia Aroi, wapande gari moja na waposaji. Drateru pia. Nilimwomba Anguyo arudie jina hilo.

Nimemsamehe kila mtu. Paa limezibwa. Night Poni ameniazima viti, nimemwachia akae mstari wa pili.

Kitu kimoja tu kilinikosesha usingizi: wasipotee. Harriet atakuwa hapa na mimi, na wengine wa kule hakuna anayejua nyumba yangu. Kwa hiyo nimempa Mogga mashine aipeleke Aroi pamoja na waya wake, nyumba yangu Hakim ameshaiingiza. Asiku alinipigia kushukuru. Alisema taratibu kwamba barabara ya Koboko anaifahamu, ni moja, imenyooka. Nikamwambia mwanangu, hata mimi nilikuwa nafikiri hivyo. Usibishane nayo. Nilivyobishana nayo ndiyo ukaona yaliyonipata. Akasema mama akisema hivyo, wataifuata. Mkwe wa dhahabu! Daktari angebisha.

Nimemfundisha na maneno. Istadir ni geuka. Janub ni kusini, siyo Sudani, hilo sasa najua na halinipati tena. Na ikisema shimal, wakate kushoto mara moja, kila inaposema. Aziz alijaribu kuniharibia neno la baba yangu, hakuweza. Asiku aliuliza kushoto ya barabara ile si ni Kongo. Nikamwambia inatazama toka juu.

Kiti changu nimekipangusa, nimekiweka katikati, kinatazama mlango. Kuku wamefungwa miguu. Wanakuja wote, Drateru atakaa mbele kabisa karibu na mashine ili asikie vizuri: Jumamosi, tarehe ishirini na nne, kabla ya chakula cha mchana.