Jodari Waliopona

Muzammil hakuwa mwongo. Alikuwa mtu wa ukweli wa kuazima. Siku aliyowasikia wataalamu redioni wakieleza nyuzi za kioo zinazogundua molekuli za uozo, alichomoa uzi mmoja kwenye taa ya urembo ya dada yake, akaufunga kwenye tochi ya rangi mbili, akavaa koti jeupe na kwenda soko la samaki Bagamoyo.

"Ndani ya uzi huu," aliwatangazia wachuuzi, "mna michoro myembamba kuliko unywele. Molekuli ya uozo ikinasa, nuru hugeuka. Kijani, mzima. Nyekundu, kazikeni."

Maneno hayo yalikuwa sahihi kabisa, ila yalihusu kifaa cha watu wengine. Hiki kilitii kidole gumba.

Jana, uzi ulipowaka nyekundu kwenye changu wa jirani, Bimdogo, mchuuzi wa jodari, alipiga kigelegele. Leo ukagusa jodari wake, waliotoka majini alfajiri. Nyekundu.

"Shikamoo, bibi. Pole kwa msiba."

"Marahaba. Msiba gani, nao wananikodolea macho?"

"Ndivyo wafavyo, bibi."

Wateja walishaanza kurudi nyuma. Mchuuzi akiambiwa samaki wake wameoza, jina lake nalo huanza kunuka. Kwa huruma kubwa, Muzammil akamshika mkono na kumwachia noti mbili tatu.

"Zichukue ziwe rambirambi. Hawa nitawapa paka."

"Paka gani wa kumaliza beseni zima?" Bimdogo alijiuliza. Akajitanda kanga, akamfuata.

Paka alikuwa Alawi, mwenye mgahawa karibu na stendi.

"Nasikia siku hizi kuna mtambo," alisema Alawi. "Sinunui bila kupima."

"Umemkuta mwenyewe!" Kijani, kijani, kijani.

"Alhamdulillahi!" Bimdogo alikuwa mlangoni. "Wanangu, si asubuhi mlikuwa wekundu?"

Alawi akamgeukia Muzammil. Huyu akisema mtambo umekosea, mtambo umekufa. Akisema samaki wameoza, biashara imekufa.

"Wamepona," alisema Muzammil.

"Mungu mkubwa!" Bimdogo akalivuta beseni. "Na mgonjwa akipona hurudi kwao. Bwana Alawi, tuelewane bei, mimi na wewe."

"Na hela yangu, bibi?"

"Hela ipi, mwanangu? Ile ya msiba?" Bimdogo alimtazama kwa masikitiko. "Nani kakulea wewe? Rambirambi hairudishwi."