Malori Themanini na Kishimo cha Shavu la Kushoto

Jumatatu, 3 Machi. Siku ya arobaini na moja ya ndoa.

Nimeolewa! Naandika hivi kila siku maana bado siamini. Leo mume wangu kanibusu mlangoni mara mbili: moja ya kwaheri, moja ya kurudia funguo. Nadhani funguo anazisahau makusudi. Nampenda!

Kazini, balaa.

Mimi ndiye mpiga chapa wa Kamati ya Ulinzi. Wiki hii wabunge wanajadili mpango wa jeshi wa miaka kumi: tununue nini, tutupe nini, jeshi la kesho liweje. Kanali kaleta kabrasha la kurasa sitini nilichape upya. Nikachapa huku nikiimba, mpaka ukurasa wa kumi na nne. Wimbo ukakatika.

Jeshi linaomba malori themanini mapya badala ya themanini ya zamani. Sawa, haki yake. Lakini chini yake: mafundi sita walio hodari kuliko wote katika karakana kuu watapelekwa ng'ambo, kiwandani, kujifunza kuyatengeneza. Miezi tisa!

Karakana kuu ndiyo ya mume wangu. Na hodari ni nani, kama si yeye? Huinamia injini na kuisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. Hata wale watano wengine sijui watawatoa wapi.

Miezi tisa! Mtoto mzima anatungwa na kuzaliwa!

Jioni nimemzungukazunguka. Nikamuuliza kama amesikia habari za safari. Akatabasamu, kile kishimo cha shavu la kushoto kikajitokeza, akasema nile kabla chakula hakijapoa. Nikala. Swali likanitoka kichwani.

Lakini nimeamua. Taifa hili halitanunua malori.

Jumanne, 4 Machi. Siku ya arobaini na mbili.

Mbinu ya kwanza. Rahisi na safi. Ratiba ya kikao naichapa mimi. Malori yalikuwa ya kwanza asubuhi. Nikayahamisha hadi mwisho kabisa, baada ya chakula cha mchana. Watu wakishashiba watasema tuahirishe, na kinachoahirishwa hapa hurudi kikiwa na mvi.

Bi Muhuri aliona. Huyu ndiye karani mkuu. Muhuri wa ofisi hulala kwenye mkoba wake, na hata ukitaka kugonga bahasha tupu lazima umpigie magoti. Aliniangalia juu ya miwani, akauliza kulikoni malori yamesafiri. Nikasema ni kwa ajili ya mtiririko. Akasema, haya, Bi Harusi, mtiririko. Ananiita Bi Harusi mbele ya watu! (Moyoni napenda.)

Asubuhi ilikwenda vizuri sana. Mheshimiwa Vifaru, kama tunavyomwita kwa siri, alidai vifaru arobaini. Alisema jeshi lisilo na vifaru ni jogoo asiye na kucha. Mheshimiwa Ndege akasema vifaru ni vyuma vya makumbusho, vita vya kesho ni vya ndege zisizo na rubani. Vifaru akauliza hizo ndege zake zitabeba magunia ya unga wakati wa mafuriko? Ndege akauliza kifaru kimebeba magunia mangapi tangu kizaliwe. Mwenyekiti akagonga meza hadi glasi ya maji ikahama.

Mchana wakala. Wakarudi. Feni inazunguka, macho yanazunguka. Nikajisifu kimoyomoyo.

Ole wangu! Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye pingamizi kuhusu malori. Kimya. Mheshimiwa Vifaru kichwa kikamdondokea kifuani. Ikahesabiwa kuwa amekubali. Malori yote themanini yakapita hatua ya kwanza bila swali hata moja! Kanali mwenyewe alishangaa, alikuwa amejiandaa kubanwa saa mbili nzima. Alipotoka alinishukuru kwa kupanga ratiba kwa akili.

Jumatano, 5 Machi. Siku ya arobaini na tatu.

Usinidharau, shajara. Kuna hatua ya pili!

Kabla ya kuamua, Kamati husoma maoni ya wananchi. Kuna sanduku pale getini. Nimechungulia: barua tatu tu, na moja inalalamikia mbwa wa jirani. Wananchi wamelala. Basi nitawasaidia.

Mchana nimejifungia kwenye chumba cha karatasi, nikaandika barua saba. Kalamu tofauti, mwandiko tofauti, moja kwa mkono wa kushoto. Mstaafu wa Jeshi, Miaka 74. Mama wa Watoto Saba. Mkulima Mwenye Uchungu. Na wengine wanne, wazalendo watupu. Wote wanasema jambo moja: malori ya zamani yanazijua barabara zetu, yasitupwe. Nchi inayotupa gari kwa sababu linakohoa, kesho itamtupa babu! Hapo nilitokwa na machozi mwenyewe.

Nimeeleza pia kwamba tunao mafundi wa kuyatunza, ili hoja iwe na miguu. Kisha nikazipulizia marashi kidogo, kama vile vijibarua ninavyomwekea mume wangu kwenye chombo chake cha chakula. Barua inayonukia husomwa kwa moyo mweupe.

Nimezitumbukiza sandukuni moja moja, nikitembea kila mara kwa mwendo tofauti.

Alhamisi, 6 Machi. Siku ya arobaini na nne.

Leo nimeumbuka.

Bi Muhuri alizigonga barua zote YAMEPOKELEWA. Kwenye ya nne alisimama, akaisogeza puani, akafumba macho. Kisha akagonga.

Mwenyekiti akasoma kwa sauti. Mstaafu wa Jeshi akasikilizwa kwa heshima. Alisema kuna fundi mmoja wa karakana kuu, mrefu, mpole, mwenye kishimo shavu la kushoto, ambaye gari likimwona tu linawaka lenyewe. Sawa. Mama wa Watoto Saba naye akamtaja. Kishimo, shavu la kushoto. Mkulima Mwenye Uchungu akasema mikono ya fundi huyo ina grisi lakini ukiishika ni laini ajabu.

Mwenyekiti akaacha kusoma.

Mheshimiwa Ndege akauliza, jamani, mkulima ameishikaje? Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti akasema wazalendo wa nchi hii siku hizi wananukia vizuri, hata wenye miaka sabini na minne. Nilikuwa nimeinamia mashine, natamani karatasi inimeze.

Sijui mkono wangu ulinipeleka wapi! Kila nilipotaka kuandika gari, kalamu iliandika yeye. Barua zote saba!

Lakini Mheshimiwa Vifaru hakucheka. Alisimama, akasema raia saba kutoka pembe saba wanamjua fundi mmoja kwa sura. Mtu wa namna hiyo haachwi gereji, anaitwa hapa aseme kweli kuhusu malori. Wakakubaliana. Ataitwa Jumatatu.

Mume wangu! Mbele ya Kamati! Mbona hili ni bora kuliko nilivyopanga? Akisema malori ya zamani ni mazima, kesi imekwisha. Ama kweli mimi nina akili.

Jumamosi, 8 Machi. Siku ya arobaini na sita.

Hati ya wito imefika. Mume wangu kaisoma mara tatu. Anashangaa nani huko juu anamjua. Nikamwambia umaarufu haupigi hodi.

Nimemfundisha la kusema. Nimemwambia ajibu kwa ufupi: malori ni mazima, asante, kwaheri. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama afanyavyo akiwa na jambo. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Nimechukulia ni ndiyo.

Wifi yangu, dada yake, tunaishi naye. Anashona sare za shule pale sebuleni. Leo alisimamisha cherehani akaniuliza, wifi, kaka akienda dukani unasimama dirishani mpaka arudi, akipelekwa mbali utasimama wapi? Nikamwambia haendi popote. Akasema anajua haendi. Akacheka peke yake, akaendelea kushona. Nilimwona mjeuri tu.

Alasiri mume wangu katoka kama kawaida ya Jumamosi ya pili ya mwezi. Kinyozi, nadhani. Ingawa hurudi na nywele zilezile.

Jumatatu, 10 Machi. Siku ya arobaini na nane.

Nitaandika polepole.

Alikuja na suti ya harusi. Ile ile! Nilimwona mlangoni nikakosea kuchapa tarehe. Barua zilisomwa tena mbele yake. Kwa Mkulima Mwenye Uchungu, alinitupia jicho. Moja tu. Nikatafuta kifutio.

Mwenyekiti akamuuliza, fundi, malori haya ya zamani yataweza miaka kumi mingine?

Nikafumba macho. Sema ndiyo, mpenzi. Sema ndiyo.

Akasema hapana.

Alisema kati ya yale themanini ya zamani, anaweza kuyaokoa thelathini, na anayataja kwa namba. Hamsini yameshakufa, aibu tu ndiyo inayoyasukuma barabarani. Akasimulia lori namba ishirini na saba. Breki zake alizitengeneza mara kumi na moja. Kila mara aliandika kwamba zimechoka, kila mara aliambiwa atengeneze tena. Mara ya kumi na mbili lori lilirudi nyuma mlimani na askari ndani. Mmoja alivunjika miguu yote miwili. Humtembelea kila Jumamosi ya pili ya mwezi.

Kinyozi! Mimi na kinyozi wangu!

Akasema yeye hajui ubishi wa vifaru na ndege, waheshimiwa wanajua zaidi. Ila chochote watakachonunua, mtoto wa mtu atapelekwa huko kwa lori. Akasema, mimi mke wangu simpandishi kwenye yale malori, na sioni kwa nini nimpandishe mtoto wa mwenzangu.

Mheshimiwa Vifaru alivua miwani. Nami nililia juu ya kumbukumbu za kikao, mwanzo hadi mwisho, na sikujali. Nilikuwa nikipiga vita malori wiki nzima, na huyo askari sikuwahi kumfikiria hata mara moja.

Uamuzi: malori hamsini mapya, thelathini ya zamani yafufuliwe, vifaru na ndege vijadiliwe mwezi ujao. Sawa! Haki! Hata mimi ningenyoosha mkono. Kisha Mwenyekiti akaongeza sharti: fundi huyu mkweli awe kiongozi wa wale sita. Na kiongozi hutangulia mwezi mmoja kukagua.

Miezi tisa imekuwa kumi. Kazi ya mikono yangu.

Nyumbani wifi aliposikia aliangusha mkasi. Akaniita kwa jina langu lote. Akasema kaka yake alikwishaomba jina lake litolewe tangu Jumanne! Alimwendea msimamizi wa karakana mwenyewe, akasema ana mke mpya. Barua ya kukubaliwa ombi lake iko kwenye droo, chini ya mashati. Alitaka kunipa siku ya hamsini ya ndoa. Kumbe naye anahesabu!

Siku ya hamsini ni keshokutwa. Siku mbili! Laiti ningekaa kimya wiki moja tu!

Nikamuuliza mume wangu kama hawezi kukataa tena. Akaushika uso wangu kwa mikono ile (laini, Mkulima hakudanganya), akasema atasimamaje mbele za watu aseme malori yanataka mtu anayeyajua, halafu wakimwita aseme mwingine aende? Ndiyo maana niliolewa naye, na ndiyo maana anaondoka.

Kisha akaniuliza, taratibu, mkulima alijuaje habari za mikono yake. Nikasema wazalendo wana macho makali. Akacheka mpaka kishimo kikatokea. Nikalia tena.

Jumanne, 11 Machi. Siku ya arobaini na tisa.

Bi Muhuri kaniwekea bahasha mezani. Barua zangu zote saba! Amezitoa kwenye faili kabla hazijapelekwa kuhifadhiwa. Akasema alijua tangu ya kwanza. Nikamuuliza mbona aligonga muhuri. Akasema mume wake alipelekwa kujenga daraja, miaka miwili, nao wakiwa na mwezi mmoja wa ndoa. Alimwandikia kila Ijumaa. Hakukuwa na sanduku la maoni, la sivyo hata yeye angelijaza. Akafungua mkoba, akanipa kitambaa, akaniambia siku nyingine niache marashi yakauke kwanza, yamechafua wino wa muhuri wake.

Nimemkumbatia. Alinusa kitambaa akasema nikae nacho.

Basi nimeapa. Sitaingilia tena mambo ya ulinzi wa taifa. Nitakuwa mke mtulivu, nitaandika kila Ijumaa, nitamtembelea yule askari kila Jumamosi ya pili badala yake. Tayari nimepata anwani.

Nikakaa kuchapa uamuzi wa Kamati. Ibara ya tisa: wananchi wanakaribishwa kutoa maoni kuhusu maandalizi ya safari ya mafundi.

Nimeisoma mara nne.

Mafundi sita, ng'ambo, miezi kumi, na hakuna hata karani mmoja wa kunakili wanachofundishwa? Maarifa yote yapotelee hewani? Jeshi la miaka kumi ijayo litategemea kumbukumbu za kichwa? Hili si suala langu, ni la taifa! Mstaafu wa Jeshi hawezi kulinyamazia. Mama wa Watoto Saba ameshaanza kukasirika, namsikia. Wataomba apelekwe mpiga chapa mmoja, mwenye uzoefu wa masuala ya malori.

Safari hii sina haraka. Marashi nitayaacha yakauke. Na kile kishimo sitakitaja kabisa, hata kwa mbali. Nitataja shingo tu.