Nina Sukari

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimehamia bweni la chuo. Mimi! Kitanda changu, kabati langu, ufunguo wangu. Mama alinisindikiza hadi getini, na angefika hadi kitandani kama mlezi wa bweni asingemwambia kwamba wazazi mwisho hapo.

Masharti ya Mama, yaliyosomwa mbele ya walinzi na dereva wa teksi: nisiruke sindano, nisiruke chakula, na nimweleze mwenzangu wa chumbani kwamba naumwa kisukari. Jumamosi anakuja kuhakikisha. Akikuta mwenzangu hajui kitu, nakunja godoro narudi nyumbani, na chuo nitasoma nikitokea sebuleni kwake. Atanisindikiza kila asubuhi. Hadi darasani. Amenishika mkono.

Sitaki kusema. Sekondari walijua, wakaniita Zahanati hadi siku ya mtihani wa mwisho. Hata mwalimu mkuu. Hapa hakuna anayenijua. Hapa mimi ni mtu mpya.

Mwenzangu wa chumbani ameshapewa jina: Spika. Akinong'ona, vioo vya dirisha vinajibu. Mtu mwema, lakini ukimwambia kitu umewaambia wote.

Jioni Spika aliiona chupa yangu ya chai mezani. Haina chai. Ina barafu na insulini, dawa yangu ya sindano, ambayo joto huiharibu. Akaitikisa. Akauliza chai gani hii inagongagonga. Nikaona bora nimalize. Nikavuta pumzi, nikasema, "Nina sukari."

Spika akaruka kitandani. Akasema Mungu mkubwa, yeye ana majani ya chai na alikuwa ameshakata tamaa. Akaleta kikombe.

Nilikitazama. Kilikuwa kikubwa. Nikafungua begi, nikatoa pakiti ya sukari aliyonifungia Mama kwa dharura, ile ya kulamba mwili ukiishiwa nguvu. Nikampimia.

Nimesema. Kuelewa ni kazi yake. Katika masharti ya Mama, kuelewa hakukutajwa.

Jumanne, 7 Oktoba

Mama alipiga simu kabla sijavaa viatu. Akauliza sukari ikoje. Nilikuwa nimeshajitoboa kidole bafuni na kupima. Nikamwambia imepanda. Akauliza, sana? Nikasema kiasi, lakini mchana itashuka. Akasema nisiichezee.

Nilidhani Spika amelala. Spika akilala hukoroma, na wakati ule chumba kilikuwa kimya kabisa. Kosa langu.

Kufika saa ya chai, korido nzima ilikuwa na habari. Kwamba chumba chetu kuna mtu ana sukari. Kwamba kila asubuhi anapokea bei kutoka kwa mama mmoja mzito mjini. Kwamba imepanda, kwa hiyo mwenye kikombe awahi.

Vikaja vikombe. Wa kwanza alipiga hodi kwa adabu. Wa tano aliingia kama kwao. Wakaniita Bosi. BOSI! Jana Zahanati, leo Bosi.

Ningeweza kuwaeleza. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha yule wa chumba cha mwisho akasema kwamba kwa vijiko viwili tu atanishikia nafasi ya mbele foleni ya bafu wiki nzima.

Nikafunga mdomo.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimenunua mfuko mzima dukani kwa hela ya mashuka. Nitajifunika koti. Mwenye duka aliuliza kama kuna harusi. Nikasema biashara. Akanitazama nilivyokonda, akanishauri nyingine niwe nakula mwenyewe.

Mambo yanaenda. Nguo zangu zimefuliwa na kupigwa pasi. Notisi za mhadhara nimenakiliwa kwa wino wa rangi mbili. Spika amenihamishia kitanda cha dirishani. Mimi mwenyewe nakunywa chai bila sukari. Wanasema ndivyo walivyo matajiri, mali yao hawaigusi.

Kasoro moja. Amejitokeza adui. Anaitwa Mheshimiwa, anakaa chumba cha pili, anagombea uongozi wa bweni. Huvaa tai darasani, huvaa tai kantini, na kuna aliyemwona anaoga nayo. Leo alipanda juu ya ndoo koridoni akatangaza kwamba kati yetu kuna mlanguzi anayeficha sukari ili ipande. Akaapa kwamba akichaguliwa, sukari itashuka. Wakampigia makofi. Makofi! Na wengine walipiga kwa mkono mmoja, maana wa pili umeshika chai yangu.

Nikamjibu kwamba sukari yangu haijawahi kushuka kwa hotuba. Ni neno pekee la kweli nililotamka wiki hii.

Baadaye alikuja dirishani peke yake. Akaomba vijiko vinne, na jambo hilo libaki kati yetu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Balaa! Mama ametaka kuongea na Spika.

Sikuwa na pa kukimbilia. Nikampa simu. Spika hahitaji kipaza sauti, na Mama naye hajambo, kwa hiyo nilisikia pande zote mbili.

Mama akamwuliza kama anajua kwamba mwenziwe ana sukari. Spika akacheka, akasema mama, nani asiyejua, bweni zima linajua. Mama akapenga kamasi. Akasema hakutegemea mwanawe angekuwa muwazi hivyo. Akauliza, huwa inapanda? Spika akasema inapanda, mama, lakini tunavumiliana. Na anaitunza? Sana, mama, anaifungia kabatini.

Hapo Mama alisita. Nikapiga chafya kubwa ili kuvunja mazungumzo. Haikusaidia. Lakini Mama akaendelea na wosia wake. Akamwambia, mwanangu, sukari ya mwenzako ikishuka, mpe soda haraka, usimwulize maswali. Spika akaahidi kwa jina la marehemu bibi yake.

Alipokata simu aliniambia hajapata kuona familia yenye furaha kama yetu. Yaani bei ikishuka tu, soda!

Nimepona. Jumamosi imeshapita hata haijafika.

Baadaye, siku hiyo hiyo. Sijapona. Mlezi wa bweni amekuja kukagua. Nyuma yake Mheshimiwa, anajipapasa tai. Mlezi akasema bwenini hakuna maduka. Akachukua mfuko. Akachukua na pakiti ya dharura. Akachukua na biskuti. Nikamwambia ile pakiti ndogo ni dawa. Akasema katika kazi hii ameshasikia pombe ikiitwa dawa, na bangi ikiitwa dawa, lakini sukari ndiyo mara ya kwanza, na akanipongeza kwa ubunifu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Naandika nikiwa kitanda cha zahanati ya chuo. Nitaeleza kwa mpangilio.

Asubuhi nilichoma sindano kama kawaida, nikaenda kantini kama kawaida. Isipokuwa Bosi asiye na sukari si Bosi. Foleni ilinisukuma hadi nje ya mlango. Nilipofika mbele, mpishi alikuwa anaosha sufuria. Kengele ikalia.

Sindano imeingia, chakula hakijaingia. Mwisho wa hesabu hiyo naujua tangu utotoni. Ilinipasa kwenda kwa nesi. Lakini kwa nesi kuna dirisha linalotazama njia, na kila mtu angeona. Nikaenda darasani.

Somo lilikuwa uchumi. Mhadhiri alikuwa anaeleza kwa nini bei hupanda. Alipofika kwenye mfano wa mahindi, jasho lilikuwa linanichuruzika na kalamu inacheza mkononi. Nikamwinamia Spika. Nikanong'ona, "Sukari imeshuka."

Spika hakunong'ona.

Darasa likalipuka. Miluzi, makofi, mmoja akapiga meza kama ngoma. Mheshimiwa akasimama, akaweka tai sawa, akasema yeye si mtu wa maneno, ameahidi na ametekeleza, tena kabla ya uchaguzi. Mhadhiri akauliza duka gani.

Nikakusanya nguvu zilizobaki. "Yangu!" nikasema. "Yangu ndiyo imeshuka!"

Sauti ya nyuma ikasema mnaona, ameona ushindani, ameshusha mwenyewe. Mwingine akasema Bosi, shusha tena kidogo.

Niliwaona Mheshimiwa wawili. Mmoja alikuwa ananitosha. Nikateleza chini ya meza.

Sasa, Spika ni mtu wa ahadi. Akaruka meza mbili, akainyakua soda ya mhadhiri iliyokuwa ndiyo kwanza imefunguliwa, akanikalisha, akanishika kichwa kama mtoto na kuninywesha. Mhadhiri akaanza kulalamika. Spika akamwambia, "Mama yake kaagiza! Ikishuka, soda, bila maswali!" Nikanywa. Darasa likashangilia kila funda.

Mheshimiwa wakarudi kuwa mmoja. Sijawahi kufurahi hivyo kumwona.

Nesi akaja na kipimo. Akasoma namba, akaninywesha tena, akasubiri, akasoma tena. Kisha akawageukia wote na kuwaeleza taratibu, kama watoto wa chekechea, kwamba sukari waliyokuwa wakiishangilia ni ya kwenye damu, na kwamba soda ile isingekuja, leo wangenibeba.

Mtu aliyekuwa anapiga meza akaacha.

Spika akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nikasema nilimwambia Jumatatu. Akafikiri. Akakubali kwamba nilimwambia. Kisha akaanza kulia, na Spika akilia hadi karani wa ofisi ya tatu hutoka kuuliza kuna nini.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mama amekuja na begi tupu. Nesi alishampigia.

Hakukaa. Akasema kunja godoro. Nikajitetea. Nikamwambia masharti niliyatimiza neno kwa neno, na mashahidi ninao. Mama akasema neno nililitoa, ndiyo, ila nililivalisha nguo za mtu mwingine. Kunja godoro.

Nikakunja. Sina aibu kuandika kwamba nililia kidogo ndani ya koti.

Kisha akamgeukia Spika, akamwuliza, kwa kuuliza tu, yeye angefanya nini siku nyingine. Spika akasimama wima kama anaapishwa. Akasema jana yote ameshinda zahanati. Amejitoboa vidole vya mkono mzima kujifunza kipimo. Akaonyesha. Ameweka glukosi mfuko wa shati, kwenye begi, na ndani ya soksi. Akaivua soksi kama ushahidi. Mama akasema ya kwenye soksi aitupe.

Halafu akamtazama muda mrefu. Akaniambia nilifungue godoro.

Ananiacha hapa kwa ajili ya Spika, si kwa ajili yangu. Kama ingewezekana, akasema, angenibakiza mimi na kumchukua Spika. Mlezi wa bweni akarudisha pakiti ya dharura kwa mikono miwili. Akaniomba radhi, akasema lakini adhabu ya kufungua duka iko palepale.

Sharti jipya ni moja: kuanzia leo nisiseme neno lolote lenye pacha. Nikaapa.

Na nimejifunza! Ugonjwa wangu si aibu. Rafiki wa kweli ana glukosi mfukoni. Anayeficha neno moja hufukuzana nalo wiki nzima. Yote haya nimeyaandika kwa wino wa rangi mbili.

Jumatatu, 13 Oktoba

Adhabu: kupiga deki korido nzima. Msimamizi: Mheshimiwa. Jana wamemchagua, na akaanza kwa kukaa juu ya ndoo ileile.

Nilimtajia kisukari. Akasema ameshamwuliza nesi, na nesi amesema kwa mtu wa sukari kupiga deki ni mazoezi bora. Ukijiweka wazi, ndiyo faida yake hiyo!

Ilinipasa kuumwa kitu kingine, tena haraka. Nikakohoa. Nikaweka kiganja juu ya moyo, nikashusha sauti. "Mheshimiwa, sitaweza. Mimi nina kifua."

Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akashuka kwenye ndoo. Akaniuliza kama kweli nina kifua. Nikasema tangu mdogo. Kikubwa. Cha kurithi kwa baba.

Akanivuta pembeni, akasema tangu afike chuoni anatafuta mtu mwenye kifua, maana kuna jambo linamtafuna na hapa kila mtu mdomo wazi. Akanimwagia yote. Tai hajui kuifunga. Alifungiwa na dada yake siku anaondoka nyumbani, na tangu hapo anaogopa kuifungua. Ndiyo maana anaoga nayo.

Ningeweza kumweleza. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha akafuta machozi, akalichukua tambara la deki mkononi mwangu, akaanza kusugua mwenyewe, kwa shukrani.

Nikafunga mdomo.

Bahati mbaya Spika alikuwa anatoka bafuni. Alisikia neno moja tu, na moja humtosha. Sasa hivi kuna foleni mlangoni kwangu hadi kwenye ngazi, safari hii bila vikombe. Wa kwanza ameshaanza kusimulia jambo la mpishi wa kantini, na ameniita Mzee.

Simu imelia nikiwa nasikiliza. Spika ameipokea. Amemwambia Mama, kwa fahari, kwamba mwanawe sasa ana kifua, kwamba hakuna aliyejua, na kwamba watu wanamiminika tangu asubuhi kuja kumwona.

Mama yuko njiani. Na begi.

Nina mpango.