Ombi la Kulazwa Pamoja na Mayai

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Kwa Bibi Mzaa Baba,
Mwenye Kuku na Mwenye Mayai.

Bibi mpendwa,

Shikamoo.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MAYAI ULIYOTULETEA

Rejea kichwa cha habari hapo juu. Ninaahidi kusema kila kitu, hata yale yatakayoniharibia kesi yangu mwenyewe. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema malalamiko yakiwekwa namba, msomaji hawezi kujifanya hakuyaona, kwa hiyo yangu nimeyawekea. Ningekupigia simu, lakini simu yako umeifungia kabatini ikiwa imezimwa ili isichakae.

Nikukumbushe ilivyoanza. Kuku wako mwekundu aliposusa kuatamia, ulimpa dereva wa basi kikapu cha mayai kumi na mawili yaliyofunikwa kwa makapi ya mpunga, ukatuma na ujumbe kwa Baba: "Mwanangu, kiota kimeachwa. Nimekukabidhi." Bibi, sikulaumu, lakini neno lako la mwisho ndilo lililotufikisha hapa. Baba, kama ujuavyo, ni mhudumu wa wodi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati na kulazwa kwenye mashine za kioo zenye joto. Kila asubuhi wodini kwao, mtu wa zamu ya usiku humwambia mwenzake "nimekukabidhi," na tangu hapo lolote likitokea ni juu ya yule aliyeambiwa. Mtu mwingine angepokea kikapu. Baba alipokea zamu.

"Kama mashine inamlea binadamu," alisema huku akipindua boksi la televisheni, "yai ni nani hata likatae?"

Yaliyofuata ni haya.

1. Taa. Baba alihitaji balbu yenye joto, akazunguka nyumba nzima akizigusa moja moja kama mtu anayetafuta mgonjwa. Balbu zetu zote ni za kisasa, zinawaka bila kupata moto, isipokuwa moja ya zamani inayounguza vidole. Hiyo ilikuwa ya taa yangu ya kusomea. Ilichukuliwa pamoja na taa yenyewe. Sponji ya mto wangu ilikatwa vipande vya kuzuia baridi isiingie kwenye boksi. Dirisha la boksi ni kioo cha fremu ya picha yako, Bibi, ila usiwe na wasiwasi, picha iko salama, imeegemezwa nyuma ya kabati ikitazama ukuta. Mwezi ujao nina mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Taa ya sebuleni hairuhusiwi kuwashwa kwa sababu, anasema Baba, mwanga mkali unawachosha waliolazwa. Kwa hiyo ninasomea kibarazani, na jua likizama, elimu yangu nayo inazama.

2. Ukimya. Siku ya pili Mama alikaa kwenye cherehani yake kumalizia sare za watu. Hajakanyaga hata mara tatu, Baba akatoka mbio chumbani: "Mtikisiko! Mama, mtikisiko!" Mama alimwuliza kama sare za wateja zitajishona zenyewe. Baba akajibu kwamba wateja wanaweza kusubiri, kiini cha yai hakiwezi. Sasa cherehani iko kibarazani pamoja nami. Mama anashona, mimi nasoma, na kila sentensi ya kitabu changu cha historia inapigwa kanyagio katikati.

3. Homa. Kipimajoto tulichonacho ni kile cha kuweka kwapani, ambacho ukishakisoma lazima ukikung'ute. Baba alikilaza kati ya mayai, akakitoa, akakisogeza karibu na macho, uso ukambadilika. "Thelathini na nane," alisema. "Wana homa." Akazima taa, akalowesha kitambaa, akawafunika. Mama alisimama mlangoni akiwa na mkasi mkononi. "Mume wangu," alisema taratibu, kama mtu anayezungumza na aliyepanda juu ya paa, "hayo ni mayai." Ilibidi Baba akamwulize sista mkuu wa wodi yao, na aliporudi alikuwa mnyonge. Sista alikuwa amemwambia kwamba joto hilo kwa yai ndiyo afya yenyewe, halafu akaenda kucheka kwenye chumba cha dawa. Kitambaa kiliondolewa na taa ikawashwa. Mimi nilipougua malaria mwaka jana, nakumbuka niliambiwa ninywe maji nilale.

4. Wageni. Shangazi alikuja kutusalimia, yeye na mabegi yake. Baba alimpokea mlangoni, akamvua viatu, akamnawisha kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kisha akamweleza kwamba muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Shangazi alidhani kuna mtu anaumwa, akaanza kulia. Alipojua ni kina nani waliolazwa, machozi yalikauka hapo hapo. "Kaka," alisema, na majirani wote walisikia, "nimepanda basi kutwa nzima kuja kuona watu! Yai nitaliona hata kwenye sufuria!" Baba akamwomba apunguze sauti. Shangazi alilala kwa rafiki yake. Akija kwako, atakusimulia kwa namna yake, na atasema alisukumwa. Hakusukumwa. Alionyeshwa njia.

5. Sweta. Umeme ulipokatika, Baba alijaza maji ya moto kwenye chupa, akayazungushia mayai, kisha akatafuta kitu cha sufu cha kufunika juu. Alichokiona karibu ni sweta yangu ya shule. Asubuhi nilikwenda shuleni nikitetemeka. Mwalimu wa zamu akaniuliza sweta iko wapi. Nikamjibu ukweli, kwamba iko wodini. Aliniangalia kwa huruma, akaniuliza ni nani nyumbani anaumwa, nikasema hakuna anayeumwa, ni mayai tu. Nikapewa adhabu ya kufagia uwanja kwa kufanya mzaha. Bibi, sijawahi kufanya mzaha na mwalimu.

6. Misiba. Wiki iliyopita Baba aliyamulika mayai kwa tochi, moja baada ya jingine, gizani chini ya blanketi. Hilo analiita "kupiga picha." Yaliyo hai yanaonyesha mishipa myekundu kama mizizi. Mawili yalikuwa meupe tu, hayana kitu. Baba alitoka chini ya blanketi, akavua kofia, akasema kwa ile sauti ya wodini: "Tumejitahidi. Wawili hatunao." Mama aliuliza kama anaweza kuyakaanga. Baba hakusema naye mpaka kesho yake.

7. Hili ndilo lalamiko lenyewe. Yale mengine nimeyatanguliza ili uwe umekwisha kuketi. Tangu nilipojifunza kusoma, kila jioni baada ya kula Baba alikuwa ananiambia, "Haya, mwanangu, nisomee." Nilimsomea chochote, kitabu cha sayansi, gazeti lililofungiwa sukari, hata maelezo ya dawa ya mende. Alikaa amefumba macho, na nikikosea alifumbua moja. Hivyo ndivyo nilivyokuwa najua kwamba nimekosea. Sasa saa hiyo ni ya kugeuza mayai. Yameandikwa kwa penseli, alama moja upande huu na nyingine upande ule, asije akasahau amegeuza lipi. Huyageuza kwa vidole viwili, akiyanong'oneza, "Pole, pole, geuka kidogo." Hata sasa ambapo hayageuzwi tena kwa kuwa yamekaribia kuanguliwa, anakaa tu pale mbele ya kioo akiyatazama. Juzi nilisimama nyuma yake na kitabu. Aliniashiria kwa kidole mdomoni.

Baada ya kuyapima yote hayo, nimefikia hitimisho kwamba katika nyumba hii kuna faida kubwa kuwa yai. Sikuishia kwenye wivu, Bibi, nimefikiri. Yai linapewa taa, mimi pia ninaihitaji. Yai linahitaji ukimya ili likue ndani, na mimi ndivyo nilivyo ninapofanya hesabu. Yai hakuna ajuaye kitakachotoka ndani yake mpaka siku yake ifike, nami hakuna ajuaye kitakachotoka ndani yangu mpaka matokeo yatoke. Na kwa kuwa mawili hatunayo tena, kuna vitanda viwili vilivyo wazi.

Kwa hiyo ninaomba, kwa unyenyekevu, mojawapo ya haya mawili. Ama umwamuru Baba, kwa kuwa wewe ndiye uliyemkabidhi na ni wewe pekee anayekuogopa, azime boksi, arudishe taa yangu mezani, na mayai yakabidhiwe kuku yeyote asiye na msimamo mkali kama yule wako mwekundu. Ama, ikishindikana, umwandikie kwamba kuanzia leo nahesabiwa mmoja wa waliolazwa, nimulikwe, nifunikwe sweta yangu mwenyewe, na kila jioni niulizwe nimeshindaje. Sitaomba kugeuzwa. Nitageuka mwenyewe.

Naamini ombi langu litapata kibali chako. Wasalimie wote hapo nyumbani: Babu na mguu wake, jirani yako wa kisimani, na mbuzi. Kuku mwekundu msalimie pia, ila mwambie nina neno naye. Mama anakusalimia kutoka kibarazani. Baba angekusalimia, lakini yuko zamu.

Ni mimi mjukuu wako wa kwanza,
niliyekuwepo kabla ya mayai.

Nyongeza:

Bibi, jua lilizama kabla sijaikunja barua hii. Mwalimu ametufundisha kwamba insha ikiisha lazima uisome kwa sauti ili masikio yakuonyeshe makosa, na mwanga pekee uliokuwapo ni ule wa kwenye boksi. Nikanawa mpaka viwikoni, nikapiga magoti mbele ya kioo, nikaanza kusoma. Nilipofika namba tatu, nikasikia mlio. Nikanyamaza, nao ukanyamaza. Nikasoma tena, ukajibu. Ulikuwa unatoka ndani ya yai.

Nilimwita Baba. Alikuja na povu la sabuni mikononi, akapiga magoti kando yangu. "Soma," akasema. "Usinyamaze, mwanangu, anakusikia. Soma!" Sikuwa na kitu kingine mkononi, Bibi, ila barua hii. Nikaisoma yote, kuanzia taa yangu mpaka vitanda vilivyo wazi. Sikuruka neno, kwa sababu niliahidi kusema kila kitu. Baba alisikiliza amefumba macho. Mara moja tu alifumbua moja. "Hapo kwenye homa umenionea," alisema. "Kitambaa hakikuwa kimelowa. Kilikuwa na unyevu tu." Nilipofika namba saba mkono wake wenye povu ulikuja ukakaa kichwani kwangu, na nywele zangu bado zina sabuni.

Kwa hiyo malalamiko nayaondoa, yote saba. Taa ibaki ilipo, hata sweta. Usimwamuru Baba kitu, na kama umekwisha kukasirika naomba upoe. Ninaituma barua hii kwa sababu ya jambo moja tu. Yai limetoboka, tundu dogo kama la sindano ya cherehani ya Mama, na ncha ya mdomo inaonekana. Inagonga, inapumzika, inagonga, na kila mara inapumzika zaidi. Baba anasema wodini kwao mtoto akichoka hawamwachi ahangaike, na tayari ameshika kibanzi cha kumegea ganda. Mama ameacha cherehani yake, amemshika mkono. "Mwache," anasema. "Akitolewa hatajua kwamba alikuwa anaweza." Wote wawili wamenawa, na wote wawili wananitazama mimi, kama vile mimi ndiye niliyekabidhiwa. Mimi ninaendelea kusoma ili nisijibu.

Dereva wa basi ameahidi kukupa barua hii mkononi na asigeuze gari bila jibu lako. Wewe umeona vifaranga wengi kuliko wodi yote ya Baba: akichoka akiwa karibu hivi, Bibi, tummegee ganda, au tukae hapa na taa yetu tumsubiri atoke mwenyewe?