Fimbo ya Bei Mbaya

Jumatatu, 4 Machi

Shemeji ameleta samaki tena! Kambare wawili wanene na wengine wadogo wadogo, kawafunga kwenye kamba, akaingia nao mpaka sebuleni. Watoto wakamrukia mjomba wao. Mke wangu akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu tuhamie nyumba hii. Mama mkwe naye, alipopigiwa simu kuelezwa, akasema mwanawe ana mkono wa baraka. Kuhusu mkono wangu hakusema kitu.

Na anavua kwa nini? Kwa mwanzi! Aliukata nyuma ya nyumba yake, akafunga mshipi na ndoano, akatoboa kizibo cha chupa kiwe boya. Basi. Kwa kijiti hicho ananitia aibu mbele ya wanangu kila wiki.

Nimeamua. Nami nitavua. Ila si kwa mwanzi.

Duka la pili kutoka saluni yangu wanauza vifaa vya uvuvi. Leo sikuwa na vichwa vya kunyoa, nikapita kuangalia tu. Muuza fimbo akanishikisha fimbo moja nyeusi ya kaboni, nyepesi, inarefuka kwa kuvutwa, tena ina kigurudumu cha kukunjia mshipi. Akasema hii haivui samaki, inawaita. Nikauliza bei. Ikabidi nikae. Akanipa maji ya kunywa.

Bei yake ni sawasawa na ile hela ya cherehani. Mke wangu ni fundi wa kushona. Cherehani yake imezeeka, inakula uzi, inaruka mishono, na shule imempa kazi ya sare inayoanza mwezi ujao. Tumejinyima mwaka mzima tununue mpya. Hela natunza mimi, kwa kuwa mimi ndiye mtu makini.

Lakini! Muuza fimbo ameniahidi kwamba nikiirudisha kabla ya Jumapili kwisha, bila mkwaruzo, ananirudishia hela yote. Kwa hiyo sijanunua. Nafanya utafiti tu: je, fimbo ghali ina thamani ya hela yake? Ni swali ambalo lazima mtu mmoja katika familia alijibu. Fimbo iko chini ya kitanda.

Jumanne, 5 Machi

Balaa! Fimbo niliiacha imevutwa yote, nayo ni ndefu kuliko kitanda. Ncha ilitokeza miguuni, mke wangu akaipiga teke akitandika shuka. Akainama, akaivuta, akauliza ni nini hii.

Nikasema fimbo ya pazia.

Sijui jibu lilitoka wapi. Lilitoka tu, tena kwa sauti ya mtu mkweli. Akaniangalia. Nikasubiri kuumbuka. Akanikumbatia! Akasema kumbe nilikuwa namsikia siku zote anapolalamika kuwa dirisha la chumbani liko uchi. Nikasema ndiyo, nilikuwa namsikia. Sikuwa namsikia.

Akauliza kigurudumu kile ni cha nini. Nikasema ndicho cha kufungulia pazia, mambo ya kisasa. Akaniambia nisikitumie vibaya kikaharibika.

Jumatano, 6 Machi

Ameshona pazia. Cherehani ilimkwamia njiani, akamalizia kwa mkono, na hakunung'unika hata kidogo. Anapiga mluzi! Roho iliniuma, nakiri. Nilitaka kumwambia ukweli palepale, nikafungua mdomo, nikasifia rangi.

Rangi ni samawati. Kitambaa ni kizito mno, fimbo imejipinda katikati. Pete za kutundikia ni za chuma. Za chuma! Kila anapolivuta nasikia kwaruu, kwaruu, na kila kwaruu inanipita kifuani. Nikashauri pazia liwe linakaa limefungwa moja kwa moja. Akasema pazia hufunguliwa asubuhi, watu wote duniani wanajua hivyo. Basi nikajitolea kulifungua mimi mwenyewe, kwa kuinua pete moja moja kwa vidole.

Amesema nimekuwa mume mwema sana wiki hii. Amempigia mama yake simu aje aone. Nimejipalia makaa.

Alhamisi, 7 Machi

Mama mkwe amekuja. Nyuma yake akaingia nani? Shemeji!

Nikapendekeza tukae sebuleni, sebuleni kuna upepo. Hakuna aliyenisikiliza. Mama mkwe akamshika mwanawe mkono, aje chumbani ajifunze jinsi dada yake anavyopendwa. Shemeji akalitazama pazia kwa adabu. Halafu akaitazama fimbo. Halafu akaisogelea. Akauliza kwa nini pazia limetundikwa kwenye fimbo ya kuvulia. Hakuishia hapo, akataja na bei! Nani alimwuliza bei?

Kesi ikasikilizwa palepale, mimi nimekaa kitandani, wao wamesimama. Mke wangu hakupiga kelele. Aliuliza tu ni hela ipi. Nilipomwambia, akaligeukia lile pazia alilolimalizia kwa mkono, akalishika pindo. Bora angenipiga.

Nikajitetea. Nikaeleza utafiti. Nikasema kwa samaki nitakaowavua hatutanunua kitoweo tena, fimbo itajilipa yenyewe, na cherehani itafuata nyuma yake. Shemeji akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. Mama mkwe akamnyamazisha, akatoa uamuzi. Jumamosi, bwawani, toka asubuhi mpaka saa sita. Fimbo yangu kwa mwanzi wake. Atakayetoa samaki wengi majini ndiye mshindi. Nikishinda, fimbo inabaki na cherehani mpya mke wangu aisahau kwa sasa. Nikishindwa, fimbo inarudi dukani Jumapili na cherehani inanunuliwa siku hiyo hiyo. Mwamuzi ni yeye.

Mke wangu akasema sawa, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane sikujua anamshangilia nani.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya maandalizi. Nimefanya kazi kama punda, saluni nimefunga.

Kwanza mikwaruzo. Nimeipaka rangi nyeusi ya viatu, haionekani kabisa. Kigurudumu nacho nimekitia yale mafuta ya mashine ya kunyolea, sasa kinazunguka bila sauti.

Halafu chambo. Shemeji anatumia minyoo, mtu asiye na haya. Mimi nimekaa saluni miaka mingi na najua jambo moja: mtu ukishamnyoa ukampaka losheni ya manukato, hata waliokuwa wamemkimbia wanamsogelea. Kwa nini samaki awe tofauti? Nimekanda vidonge vya unga kwa losheni, ile ya bei ya juu ninayowapaka mabwana harusi. Mke wangu amepita, amenusa, amefungua dirisha.

Mwisho, na hili ndilo lililonipa usingizi mzuri, nikamwalika shemeji nimnyoe bure, kuonyesha sina kinyongo. Amekuja! Nikampitisha mashine katikati ya kichwa, toka kisogoni mpaka kwenye paji la uso, barabara nzima nyeupe, nikazima mashine na kusema pole sana shemeji, umeme umekatika. Taa ilikuwa inawaka juu yetu. Nikamwambia hiyo inatumia njia nyingine. Ameondoka ameficha kichwa kwa gazeti. Mtu hawezi kwenda bwawani mbele za watu na kichwa kile. Kesho navua peke yangu!

Jumamosi, 9 Machi

Amekuja. Amevaa kofia! Kofia pana ya majani. Akanishukuru mbele ya wote, akasema siku zote jua humpiga machoni asilione boya vizuri, lakini leo, kwa sababu yangu, analiona kama liko mkononi.

Mama mkwe akakaa kwenye kigoda chake nyuma yetu, mke wangu kando yake. Nikaanza kwa kurusha. Nikapeleka fimbo nyuma, nikaitupa mbele kwa nguvu zangu zote. Muuza fimbo hakudanganya kuhusu umbali. Kilikwenda katikati kabisa ya bwawa. Ila kilichokwenda ni kitambaa cha kichwa cha mama mkwe.

Nikakirudisha kwa kuzungusha kigurudumu, taratibu, hapakuwa na njia nyingine. Nikamkabidhi kwa mikono miwili huku nimepiga goti. Akakikamua.

Samaki hawakuja. Nyuki walikuja. Walitoka sijui wapi, wakaifuata losheni kwenye ndoano, kwenye bakuli, kwenye mikono yangu, shingoni. Nimevua asubuhi nzima nikicheza. Watu wengine waliokuwa wakivua upande wa pili waliacha fimbo zao wakakaa kunitazama. Shemeji alikuwa anatoa samaki mmoja baada ya mwingine, anawatia kwenye wavu wake uliofungwa kwenye jiwe na kuzamishwa majini wasife. Mke wangu alikuwa ameacha kunitazama. Aliangalia maji tu, na mimi nikaanza kuomba kimoyomoyo nipate hata mmoja, wa kumwonyesha kwamba sikuwa mwizi tu, nilikuwa na sababu.

Saa sita ikikaribia, fimbo ikavutwa! Ikapinda mpaka ncha ikagusa maji. Nikapiga ukelele. Mke wangu akasimama. Alisimama kwa ajili yangu, niliona kwa macho yangu, akasema vuta, baba watoto, vuta! Nikavuta. Kilikuwa kizito, kilikuwa hai, kilikuwa kinarukaruka. Nikarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka nikakifikisha nchi kavu.

Ulikuwa wavu wa shemeji. Na samaki wake wote ndani.

Nikatafakari haraka, nikatangaza ushindi. Nikamweleza mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba masharti yake yalisema atakayetoa samaki wengi majini. Hayakusema wawe wanatolewa kwa mara ya kwanza. Nilimwona anafikiri! Nilikuwa karibu! Lakini shemeji akaivua kofia kwa hasira akaitupa chini, bwawa zima likaona ile barabara kichwani, na mama yake akauliza ni nani aliyemharibu mwanawe hivyo. Uamuzi ukatoka hapohapo.

Jumapili, 10 Machi

Tumekwenda dukani wawili, kwa kuwa siaminiki kutumwa peke yangu. Muuza fimbo akaivuta fimbo kipande kwa kipande. Rangi ya viatu ikamshika vidoleni. Akafuta, akaiona mikwaruzo. Akainusa fimbo, akaninusa na mimi. Akasema hii hairudi.

Nikageuka nikamwona mke wangu analengwa na machozi. Sijawahi kujiona mdogo kiasi kile, na hapo sijaongeza uso wangu ulivyovimba kwa nyuki.

Kisha akajifuta kwa kanga, akatazama ukutani, akamwuliza muuza fimbo kwa nini fimbo zake zote zimeegeshwa wazi, zinasuguana. Akasema angeweza kuzishonea mifuko mirefu, ya zipu, yenye pamba ndani. Muuza fimbo akakuna kidevu. Wakaanza kuelewana. Nilipojaribu kuchangia nikaombwa nikasimame nje.

Alipotoka alikuwa na hela yote mkononi. Mifuko ya kwanza atashona bure kufidia mikwaruzo, itakayofuata atalipwa. Jioni tukanunua cherehani. Nimeibeba mimi mpaka nyumbani, kichwani, na njia nzima alikuwa anaizungumzia. Nikamwapia kwamba sitashika fimbo ya kuvulia tena maisha yangu yote. Akasema ananiamini. Nililia kidogo, nikasingizia nyuki.

Jumatano, 13 Machi

Cherehani haikwami, haili uzi. Mke wangu anashona anaimba, sare za shule tayari ameanza kuzikata. Mifuko ya kwanza imekwisha, mizuri ajabu, na mimi nimejitolea kuipeleka dukani. Kwa wema tu.

Huko nimegundua kosa la utafiti wangu. Ile fimbo haikuwa ghali! Muuza fimbo amenionyesha nyingine, imefika jana, ambayo ukiiweka kando ya ile ya kwanza, ile ya kwanza ni kijiti cha kuswagia mbuzi. Mtu anawezaje kusema fimbo ghali hazina thamani wakati alijaribu ya rahisi? Nyuki wote wale, bure!

Hela ya nyumba sijagusa, hilo nalitamka kwa fahari. Nimeacha kiti changu cha kunyolea kama dhamana. Wateja watanyolewa wamesimama. Nitawaambia ni nzuri kwa mgongo.

Kuiingiza nyumbani ilikuwa kazi nyepesi, nimeitia ndani ya mfuko mmojawapo wa mke wangu. Akaniuliza kwa nini mfuko umerudi. Nikasema una kasoro ya mshono. Nilidhani atasikitika, ataniachia niuweke pembeni. Nilisahau mke wangu alivyo na mishono yake. Amenipokonya, amekwenda nao dirishani kwenye mwanga aione hiyo kasoro.

Namsikia anafungua zipu. Siku zote huniita baba watoto. Sasa hivi ananiita kwa jina langu kamili, na la baba yangu. Nitasema ni ya shemeji.