Kofia ya Fungate

Jumatano, 2 Agosti 1995

Winnie anaota jino. Sijalala. Lakini mpango umekamilika! Getruda, fundi cherehani wetu, kanipa ukurasa wa jarida la Dar: mambo ya kufanya fungateni kisiwani. Kuamka mtakapo. Kushikana mikono ufukweni. Kulishana matunda. Kuogelea. La tano ndilo langu: kuongea yale msiyowahi kuongea. La sita limeliwa na mafuta ya maandazi.

Sisi fungate hatukuiona. Ndoa Jumamosi, Jumatatu mume wangu Chenge yuko kiwandani anachuna sangara. Sasa ana likizo. Nimemwambia Chenge kwamba shangazi yake wa Nansio, kule kisiwani, anataka kumwona Winnie. Uongo, lakini uongo wa ndani ya ndoa. Tutalala nyumba ya wageni. Kwa shangazi tutapita dakika kumi, siku ya kuondoka.

Nataka kitu kimoja tu. Chenge alitaje jina la Mhoja. Mtoto wetu wa kwanza, siku tisa duniani, mwaka juzi. Tangu tumzike hajalitamka. Na Winnie alipozaliwa tu, Mama Mhoja akafutika, nikawa Mama Winnie mtaa mzima.

Ijumaa, 4 Agosti

Mitumba ya Mkuyuni. Kofia pana yenye ua. Miwani ya jua. Nguo ya kuogelea, kijani! Kucha nimepaka nyekundu. Mama Jonathan wa chumba cha pili kauliza naenda kuimba bendi gani. Nikamwambia wengine tunajua kupumzika. Akacheka mpaka akakaa.

Jumamosi, 5 Agosti, Nansio

Balaa! Hatujatoka hata gatini, muuza machungwa kapiga ukelele: huyu si Chenge, mtoto wa marehemu Shimba?

Baba mdogo Shimba! Alifariki Aprili. Tulituma barua, nikadhani yameisha. Kumbe barua haihani. Usipofika mwenyewe ukalia, kwao msiba bado uko wazi.

Nyumba ya wageni nimeiona kwa mbali. Tumepelekwa kwa shangazi kama wezi. Wanawake wakaangua kilio, mimi nimesimama na ua kichwani. Shangazi akakatisha kilio. "Mwanangu, umekuja kuhani au kupiga picha?" Halafu akaendelea pale alipoachia.

Mikeka ikatandikwa. Wanawake ndani, wanaume uani na moto wao. Mume na mke hawalali pamoja msibani. Siku tatu! Mimi na Winnie mkekani, Chenge yuko hatua ishirini. Namwona kisogo.

Jumapili, 6 Agosti

Nimeamshwa alfajiri. Ufukweni nimeshikwa mkono, na shangazi, maana mawe yanateleza na nina ndoo kichwani. Kuogelea nimeogelea: nilikuwa nasugua sufuria, nikatumbukia mpaka kifuani. Nguo ya kijani nilikuwa nimeivaa ndani ya kanga. Hakuna aliyeiona.

Mchana nikafanya ujanja. Ukurasa nimeukunja, nimeuweka chini ya sahani ya machungwa ya Chenge, namba tano nimeizungushia kalamu. Sahani ikaenda kwa Mzee Masalu, jirani yake pale uani. Akavaa miwani, akawasomea wazee wote kwa sauti. Wakauliza hayo ni matangazo ya parokia gani.

Chenge aliinamisha kichwa.

Jumatatu, 7 Agosti

Shangazi kasema sijalia ipasavyo. Shimba nilimwona mara moja, harusini kwetu, akigombea firigisi. Nikapanga kulia kidogo, kwa kelele, tuachiwe. Nikajifunika kanga. Shimba wee! Tena, Shimba wee! Mara ya tatu mdomo ukasema Mhoja.

Sikuweza kuuzuia.

Mhoja hakutandikiwa mkeka. Wazee walisema kichanga hakililiwi, nyamaza, utapata mwingine. Nikanyamaza. Maziwa hayakunyamaza. Wiki mbili nayakamulia kwenye beseni, namwaga nyuma ya nyumba.

Nilipoinua uso Chenge alikuwa mlangoni, upande wa wanawake, mahali ambapo mwanamume haji. Ana kikombe cha uji. Uji unamwagikia vidole.

"Mama Mhoja," akasema. "Kunywa."

Shangazi hakumfukuza. Akamtazama tu, akajifuta pua. Chenge akarudi uani.

Uji haukuwa na sukari. Nimeunywa wote.

Jumatano, 9 Agosti, Kirumba

Tumerudi jana. Leo asubuhi, kabla ya kwenda kiwandani: Mama Winnie, kandambili zangu ziko wapi?

Ningeweza kulitaja mimi. Jina moja, kitanda kimoja, angenisikia. Hapana. Aanze yeye.

Kosa nimeligundua: siku tatu hazitoshi. Wakati wa kuagana nilimwuliza shangazi, kwa heshima zote, kama yupo marehemu mwingine ambaye hatujamhani. Yupo! Bibi mmoja, alifariki Pasaka, huko Ukara. Na Ukara ni kisiwa!

Kofia nimeifua. Nimeianika nyuma ya nyumba, Mama Jonathan asiione.